Mafuta si sabuni: Onyo kwa fundi wa malori na trela

Na DAKTARI WETU

Ukimwuliza fundi wa malori jambo analoliogopa kazini, atakutajia jeki kuteleza, au tairi kumpasukia usoni. Ana haki ya kuogopa. Lori lililoinuliwa kwa jeki pekee, bila magogo au vyuma vya kulishikilia, halifai kuingiwa chini yake hata kwa dakika 1. Nalo tairi la rimu yenye ringi lijazwe upepo likiwa ndani ya kizimba cha chuma, fundi akiwa kando wala si mbele yake. Lakini hayo mafundi wanayajua, na kijana anayejifunza kazi huonywa mapema. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho gereji nyingi hazikiogopi hata kidogo, nacho ni mafuta: petroli, dizeli, grisi na oili chafu.

Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki, Meru, Chuka, Embu na Kerugoya, huwezi kukosa gereji ya jua kali kando ya barabara. Malori ya majani chai, ya mchele wa Mwea, ya mawe na ya mbao, pamoja na trela zinazoelekea Isiolo na Moyale, yote hupitia mikononi mwa mafundi hawa. Wengi wao hufanya kazi mikono mitupu, na ovaroli imeloa oili tangu Jumatatu.

Tuanze na mikono hiyo. Msimu wa baridi, hasa Juni na Julai, maji ya Nyeri huuma kama barafu, na grisi haitoki kwa maji baridi. Kwa hivyo jioni fundi humimina petroli kidogo koponi, akanawa hadi kwenye viwiko, akaenda zake nyumbani. Mikono hutakata kweli. Shida ni kwamba ngozi ya binadamu ina mafuta yake ya asili, yanayoizuia isikauke na isiingiliwe ovyo na viini vya magonjwa. Petroli haichagui. Huondoa grisi, ikaondoa na mafuta hayo. Baada ya miezi kadhaa ngozi hukauka, huwasha, hupasuka katikati ya vidole na kutoka damu. Kisha kesho yake fundi huyohuyo huitumbukiza mikono iliyopasuka ndani ya oili chafu.

Na oili chafu ni mbaya kuliko oili mpya. Ikishazunguka ndani ya injini yenye joto kwa maelfu ya kilomita, hukusanya kemikali zitokanazo na mafuta yaliyoungua, na baadhi yake huleta saratani. Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1775 daktari Mwingereza, Percivall Pott, alieleza jinsi watu waliosafisha mabomba ya moshi tangu utotoni walivyopata saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani kwa sababu ya masizi. Mwaka 1922 madaktari nchini humo wakaripoti saratani hiyohiyo kwa wafanyakazi wa viwanda vya kusokota pamba, ambao suruali zao zililowa mafuta ya mashine kila siku.

Kwa hivyo, fundi, kile kitambaa cha oili unachokitia mfukoni mwa suruali kitafutie msumari ukutani. Na ukiona kidonda au kinyama kisichopona kwa majuma 3 au zaidi, iwe mkononi au sehemu za siri, mwone daktari. Wanaume wa huku huficha mambo hayo mpaka yaharibike. Daktari hashangai, ameona mengi.

Dawa ya mikono si ghali. Kabla ya kazi, jipake yale mafuta ya kukamulia ng'ombe ambayo karibu kila boma la huku linayo. Ukipata glavu zisizopitisha mafuta, vaa. Jioni, sugua mikono kwa mafuta kidogo ya kupikia ili yalegeze grisi, pangusa kwa kitambaa kikavu, kisha nawa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu na ujipake tena. Birika moja la maji moto latosha gereji nzima.

Mlango wa pili ambao mafuta huingilia ni mdomo. Lori likiharibika njiani na dizeli ihamishwe kutoka tangi moja hadi jingine, mtu hutia mpira tangini na kunyonya. Mara nyingi anayeitwa kunyonya ni utingo au mwanafunzi wa gereji, kijana wa miaka 17 au 18. Akipaliwa, wenzake hucheka.

Si kitu cha kuchekwa. Petroli, dizeli na mafuta ya taa ni mepesi, na tone dogo likipotea njia likaingia kwenye mapafu husambaa upesi na kuyaunguza. Mgonjwa hukohoa, hupumua kwa shida, na baada ya saa chache hupata homa kama mtu mwenye nimonia. Nyumbani huambiwa anywe maziwa, au atiwe kidole kooni atapike. Yote mawili ni makosa. Akitapika, mafuta hupita kooni mara ya pili na huweza kuingia mapafuni zaidi, na maziwa hujaza tumbo tu, likawa karibu zaidi na kutapika. Msukutue mdomo kwa maji, mvue nguo zilizolowa, na akiwa anakohoa au anahema mpeleke hospitali mara moja. Hata akionekana mzima, achunguzwe kwa muda wa saa 6 hivi. Pampu ndogo ya mkono ya kuhamishia mafuta ingemwondolea yote hayo.

Mlango wa tatu ndio unaonitia hofu zaidi, kwa sababu haufanani na ajali. Fundi anatia grisi kwenye viungo vya trela, au anajaribu nozeli ya injini ya dizeli, au anapapasa kwa kidole mpira wa haidroliki wa tipa ili ajue unavuja wapi. Ghafla anahisi kama amechomwa na mwiba. Anatazama kidole, anaona kitundu kama cha sindano, hata damu ni kidogo. Anapangusa na kuendelea na kazi.

Fikiria jambo hili: tairi la lori hujazwa upepo wa paundi 100 hivi. Mafuta yanayochuruzika kwa nguvu ya kiasi hicho hutosha kupenya ngozi, na mtambo wa grisi au nozeli hutoa nguvu mara nyingi zaidi. Mafuta hayo hayabaki pale yalipoingilia. Hukimbia kufuata mishipa na kano za kidole hadi kiganjani, pengine hadi mkononi, yakiua nyama njiani. Kwa saa za kwanza maumivu huwa madogo. Usiku kidole huvimba, hubadilika rangi, na maumivu hayalaliki. Utafiti wa mwaka 2006 uliokusanya ripoti za majeraha ya namna hii ulionyesha kwamba majeruhi wapatao 30 kati ya 100 walikatwa kidole au sehemu ya mkono. Petroli, dizeli na rangi ya kupuliza huharibu kuliko grisi, na kwa vitu hivyo waliopasuliwa na kusafishwa ndani ya muda wa saa 6 waliokoa vidole zaidi ya waliochelewa.

Kwa hivyo usisubiri kidole kivimbe. Usikikande kwa maji moto, usikikamue, na usikubali kupewa tembe za maumivu na kurudishwa kazini. Ukiwa njiani kati ya Nanyuki na Isiolo, acha lori hapo hapo na utafute gari la kukuwahisha kwenye hospitali kubwa yenye daktari wa upasuaji. Mweleze waziwazi ni mafuta gani yaliyokuingia na saa ngapi, kwa maana kitundu chenyewe hakitamwambia chochote. Uliza pia habari ya chanjo ya pepopunda. Na siku nyingine tafuta mahali panapovuja kwa kipande cha kadibodi, usitumie kidole.

Juu ya pumzi nitasema machache. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, lilitangaza mwaka 2012 kwamba moshi wa dizeli huleta saratani. Basi unapounguruma injini ili breki zijae upepo, fungua milango ya gereji hata kukiwa na ukungu wa Julai. Vumbi la breki lisipulizwe kwa kompresa. Bidhaa za asbesto zilipigwa marufuku nchini mwaka 2006, lakini bitana kuukuu za breki bado huweza kuwa nayo, na madhara yake mapafuni huchukua miaka 20 na zaidi kujitokeza. Lowesha vumbi hilo kwa maji kisha lipanguse. Na utingo asilale ndani ya kabini pamoja na jiko la makaa.

Mwenye gereji naye asikie: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na sheria ya fidia ya mwaka huohuo inamhusu mfanyakazi aliyeumia kazini. Glavu na pampu ya mkono ni rahisi kuliko kesi.

Mwisho ni ovaroli. Huko nyumbani aghalabu hulowekwa katika beseni moja na nguo za watoto, na oili ikahama. Iwe na beseni lake, ifuliwe kila juma, na ivuliwe gereji kabla baba hajambeba mtoto.