Je, Wajua? Utumbo Nao Hushikwa na Arosto

Mtu aliyezoea heroini akiikosa hushikwa na arosto: jasho linamtoka, anapiga miayo, tumbo linamkata, anaharisha. Wengi hudhani yote hayo huanzia kichwani. Lakini hata kipande cha utumbo kilichotengwa kabisa na ubongo hushikwa na arosto.

Maabarani, wataalamu huchukua sentimita chache za utumbo mdogo wa simbilisi na kuuning'iniza katika maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 37 huku oksijeni ikipulizwa ndani. Ukipitishiwa umeme kidogo, hujikunja. Mwaka 1957 Mwingereza William Paton alionyesha kuwa mofini, dawa ya jamii moja na heroini, hufifisha mkunjo huo, kwa kuwa huzuia neva za ukuta wa utumbo kutoa asetilikolini, kemikali inayokaza misuli. Ndiyo maana atumiaye mofini hufunga choo. Sasa kiloweke kipande hicho kwenye mofini kwa saa nyingi, kisha utie naloksoni, dawa inayoing'oa mofini ilikonata. Ghafla utumbo hujikaza kwa nguvu: hiyo ndiyo arosto yake.

Ili kujua kinachotokea ndani ya seli, watafiti walitumia sumu za bakteria. Kipokezi cha mofini, yaani mahali inaponata kwenye seli, hutuma ujumbe wake kupitia protini iitwayo Gi, ambayo ni breki ya utengenezaji wa kemikali iitwayo AMP-duara. Sumu ya kifaduro huizuia Gi isiwasiliane na kipokezi: mofini imenata, ila ujumbe haufiki. Sumu ya kipindupindu huishika Gs, protini inayochochea AMP-duara, ikaiacha ikifanya kazi bila kukoma. Katika utumbo wa mgonjwa wa kipindupindu, sumu hiyo ndiyo inayomwaga maji kama bomba lililopasuka.

Mwaka 1975, Sharma, Klee na Nirenberg wa Marekani waligundua kuwa seli zilizokaa muda mrefu na mofini hujifidia kwa kuongeza uwezo wa kutengeneza AMP-duara. Mofini ikiondolewa, breki huachia na kemikali hiyo hupanda kupita kiasi.

Kwa hiyo arosto si ulegevu wa nia. Ni seli zilizojipanga upya kuishi na dawa. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo inayotolewa Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, tangu 2011, hunata kwenye kipokezi kilekile lakini huisha mwilini polepole. Dozi moja kwa siku hutosha kuizuia breki isiachie kwa mkupuo.