Kiti cha Pweza Chenye Miiba: Tusikikate!

Sisi wa pwani tunakijua kiti cha pweza. Lakini kipo cha aina moja kibaya. Kina mikono mingi, hata zaidi ya 15, na miiba yenye sumu. Mnyama huyu ni adui wa matumbawe.

Je, anakulaje? Hupanda juu ya matumbawe, hutoa tumbo lake nje ya mdomo na kuyayeyusha. Yanabaki meupe, yamekufa. Matumbawe yakifa, samaki hukosa makazi, nasi tunakosa kitoweo.

Wakiwa wachache hawana neno. Wakizidi, wengi wetu hukimbilia panga. Hilo ni kosa. Kipande chake chaweza kupona na kuota mikono upya. Unadhani umeua mmoja, kumbe umefanya wawili!

Basi tufanye hivi:
1. Tumwondoe mzima mzima, kwa kijiti au chuma chenye ndoana. Tusimshike kwa mkono.
2. Tumtie katika kapu, tumpeleke nchi kavu.
3. Tumfukie mbali na maji yanapofika.

Kisiwani Chumbe, Zanzibar, walinzi wa hifadhi huwatoa mmoja mmoja namna hii. Wataalamu wengine humdunga siki kwa sindano, naye hufa bila kukatwa.

Ukichomwa, toa miiba, tia jeraha katika maji ya moto unayoweza kuvumilia, kisha nenda zahanati.

Bahari ni shamba letu. Tulipalilie vizuri.