Arepa zenye jibini ndani: kwa nini sembe linakugomea, na mahindi ya kande yanakubali

Leo tuwaache viwavijeshi na mbolea ya kukuzia, tuingie jikoni. Wengi wenu mna mahindi stoo na ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, na mazao yote mawili mnayauza ghafi. Kuna chakula kinachoyakutanisha, kinaitwa arepa.

Arepa ni mkate mdogo wa duara wa mahindi, mnene kama kidole gumba, unaopikwa juu ya chuma cha moto. Nje unashika gamba, ndani unabaki laini. Kwao ni Colombia na Venezuela, na watu wa huko walikuwa wanakula arepa kabla Wahispania hawajafika. Venezuela kwa kawaida wanaupika mkate kwanza, kisha wanaupasua kwa kisu na kujaza wanachotaka: jibini, maharage meusi, nyama ya kuchambuliwa, kuku na parachichi. Colombia wanayo pia ya namna nyingine, ambapo jibini (au chizi, kama wengi tunavyosema) inafungiwa ndani ya donge kabla ya kupikwa. Hiyo ndiyo tutakayotengeneza leo.

Sasa tatizo liko hapa. Maelekezo mengi ya mtandaoni yanasema chukua unga wa mahindi, maji na chumvi, kanda, pika. Kijana anachukua sembe lake, anatia maji ya uvuguvugu, donge linamomonyoka kama mchanga. Akililazimisha, linapasuka pembeni na jibini yote inavujia kwenye kikaango. Anaamua kwamba mahindi yetu hayafai, labda mpaka upate unga wa huko kwao. Hapana. Mahindi yetu yanafaa kabisa. Sembe ni unga mbichi, na arepa inatengenezwa kwa mahindi ambayo tayari yamepikwa. Basi.

Mahindi hayana ule mnato wa ngano unaofanya chapati ivutike. Kinachoweza kuyashikisha ni wanga wake, na wanga mbichi umejifungia kwenye chembe ngumu ambazo maji ya uvuguvugu hayaziingii. Ukiupa maji pamoja na joto la kuanzia nyuzijoto 65 au 70 hivi, chembe zinavimba, zinapasuka na kuwa kama gundi. Umeliona hilo kila siku kwenye sufuria ya ugali, uji unapoanza kuwa mzito ghafla.

Zamani wanawake wa Venezuela na Colombia walitwanga mahindi kwenye kinu kuondoa maganda, wakayachemsha, ndipo wakayasaga yakiwa mabichi ya maji, kwanza kwa jiwe na baadaye kwa mashine ya mkono. Kazi ya alfajiri kila siku. Mwaka 1954 mhandisi wa Venezuela, Luis Caballero Mejías, alipewa hataza ya unga wa mahindi uliopikwa tayari. Mwaka 1960 kampuni ya Polar, ambayo watu walikuwa wanaijua kwa bia, ikaanza kuuza unga wa aina hiyo kwa jina la Harina P.A.N. Kiwandani mahindi yanakobolewa, kiini kinatolewa, yanapikwa, yanabonyezwa kuwa vipande bapa, yanakaushwa na kusagwa. Mama wa mjini akawa anatia maji tu na kukanda. Ukiangalia vizuri, mahindi ni yale yale ya mkulima, kilichoongezwa ni moto na mashine, na pesa kubwa ikabaki kwa aliyeviongeza. (Usichanganye unga huo na ule wa Mexico wa kutengenezea tortila. Ule mahindi yake yanachemshwa na chokaa, ladha yake ni nyingine kabisa.)

Unga wa aina hiyo kwetu ni wa kuagiza. Lakini hatua ya kwanza ya wale akina mama sisi tunayo tangu zamani: mahindi ya kande. Wakamba wa Kenya wanayaita muthokoi. Ni mahindi yaliyokobolewa ganda, na ndiyo tunayoyahitaji.

KUCHAGUA MAHINDI

Chukua mahindi meupe yenye punje ngumu zinazong'aa. Punje laini zenye unga mwingi zinavunjika vunjika kwenye kinu au mashine ya kukoboa, na utapoteza nyingi kwenye pumba. Yawe makavu. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5.

Halafu yapembue kwa mkono, punje kwa punje, na hapa sitaki utani. Iliyoota ukungu, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na wadudu, zote toa. Sumukuvu haifi kwa kuchemsha wala kwa kuchoma. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya walikufa watu 125 kwa mahindi yenye sumukuvu, na hayo ni mahindi waliyoyapika vizuri tu majumbani mwao. Kukoboa kunapunguza sumu kwa sababu sehemu kubwa inakaa kwenye ganda na kiini, ila hakuyageuzi mahindi mabovu kuwa mazima.

DONGE

Kilo moja ya mahindi ya kande, loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya, chemsha saa moja hadi moja na nusu. Usiyapike kama ya makande ya kula! Yakipasuka na kulainika kabisa, donge litakuwa uji. Bana punje kwa kucha: ikatike kirahisi, lakini katikati ibaki na ugumu kidogo. Ipua, acha yapoe ndani ya maji yake, kisha chuja hadi yakauke maji ya juu.

Saga kwa mashine ya mkono ya kusagia nyama, tundu zile ndogo, mara mbili. Kinu na mchi pia vinafaa kama una mikono ya kazi. Tia vijiko viwili vya chai vya chumvi na kijiko kimoja cha chakula cha siagi, kanda dakika tano mpaka donge liwe nyororo. Bonyeza kipande kiwe bapa. Kingo zikipasuka, nyunyiza maji kidogo na uendelee kukanda. Likinata mikononi, liache wazi lipumue. Utapata karibu kilo mbili za donge.

Kama huna mahindi ya kande, pika ugali mgumu wa sembe, uive kweli kweli, uache upoe hadi mkono uvumilie, kisha ukande na siagi dakika kumi. Utashika, na jibini haitavuja. Ila nikwambie ukweli, mdomoni utakuwa ugali wa kuchoma zaidi kuliko arepa. Kwa kujaribu nyumbani sawa, kwa kuuza hapana.

JIBINI

Kule wanatumia jibini nyeupe mbichi, isiyokomazwa, yenye chumvi. Watu wa mkoa wa Boyacá, Colombia, wanajaza ile inayoitwa cuajada, yaani maziwa yaliyogandishwa na kuchujwa tu. Hiyo huhitaji kiwanda.

Lita nne za maziwa ya ng'ombe, pasha hadi karibu kuchemka, uone mvuke na povu pembeni, na yakae kwenye joto hilo dakika kadhaa huku unakoroga. Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba, na mtu anaupata vilevile. Na kama ng'ombe yuko kwenye dawa, siku za kusubiri hazijaisha, maziwa yake hayaingii hapa. Epua, mimina juisi ya limau kidogo kidogo, kama nusu kikombe, koroga taratibu. Maziwa yatakatika, maji yatakuwa ya kijani-njano yasiyo na weupe. Acha dakika kumi, chuja kwa kitambaa safi kilichochemshwa, changanya chumvi vijiko viwili vya chai, ning'iniza saa moja. Utapata gramu 600 hivi, kutegemea mafuta ya maziwa yako.

Jibini ya limau haiyeyuki ikavutika kama ile ya piza, inalainika tu. Mimi naona kwa anayeanza ni faida, maana haikimbii nje. Mteja akitaka ya kuvutika, changanya nusu kwa nusu na mozzarella ya dukani, lakini piga hesabu upya.

KUJAZA NA KUPIKA

Chukua donge la gramu 110, yaani ukubwa wa limau kubwa. Toboa katikati kwa kidole gumba, panua shimo, weka gramu 30 za jibini, funga mdomo vizuri, kisha bapaza polepole kati ya viganja vyenye maji. Kingo zisiwe nyembamba kuliko katikati, hapo ndipo arepa nyingi zinapopasukia.

Kikaango cha chapati kiwe na moto wa wastani, pakaa mafuta kidogo tu. Dakika sita au saba kila upande, zitoke madoa ya kahawia. Usizigeuze kabla gamba halijashika, zitaganda chini. Kisha punguza moto, funika, dakika tano nyingine ili joto lifike ndani. Jiko la mkaa lenye wavu, lile la kuchomea mahindi, linafanya kazi nzuri zaidi, na Colombia wanachoma hivyo hivyo barabarani. Ikiiva, ukiigonga kwa kidole inalia kama kitu chenye uwazi ndani.

HESABU

Kwa vipimo hivyo utatoa arepa 18. Mahindi yaandike kwa bei ya soko ya siku hiyo, hata kama yametoka shambani kwako, na maziwa vivyo hivyo. Vijana wengi wanaandika sifuri hapo, halafu wanaona faida ambayo ni mahindi yao wenyewe wanayakula. Pima uzito kabla na baada ya kukoboa, kwa sababu gharama yako ni ya kilo iliyobaki, siyo ya iliyoingia mashineni. Ongeza mkaa, karatasi na muda wa kusimama jikoni. Ukitaka kufungasha na kupeleka dukani, kwa Tanzania usalama wa chakula uko TBS tangu mwaka 2019, na SIDO wanasaidia wasindikaji wadogo. Waone mapema kabla hujachapisha lebo.

Arepa zilizojazwa lakini hazijapikwa zinakaa vizuri kwenye friza, zikitenganishwa kwa karatasi ya plastiki. Zilizopikwa, siku tatu kwenye friji. Mezani zisizidi saa mbili, kuna jibini ndani.

Yale maji ya jibini usiyamwage. Tumia kidogo kukandia donge likiwa kavu, yanayobaki wape nguruwe siku hiyo hiyo. Pumba za mahindi mazima ni za kuku. Lakini zile punje za ukungu ulizopembua zisiende kwa kuku wala kwa ng'ombe, zifukie, kwa sababu ng'ombe akila sumukuvu sehemu yake inatoka kwenye maziwa, na maziwa hayo ndiyo unayotengenezea jibini.