Simba mwenye mabawa chini ya kawa

Ndege ya mwisho kabisa ya aina ya VC10 ilipotoka kiwandani Uingereza haikubaki kwa Waingereza. Ilikuja huku. Ilikuwa Super VC10, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likaipokea mwaka 1970, na ubavuni ikaandikwa 5H-MOG. Hiyo 5H ndiyo alama ya ndege za Tanzania mpaka leo. Shirika lilikuwa na Super VC10 tano, zikasajiliwa katika nchi tatu: 5H-MMT na 5H-MOG Tanzania, 5X-UVA na 5X-UVJ Uganda, na 5Y-ADA Kenya. Tano haigawanyiki kwa tatu, na Wakenya ndio waliopunjika, ingawa makao makuu yalikuwa kwao Nairobi.

Mwisho wa mwaka jana 5H-MOG ilikuwa juu ya meza yetu ya chakula, ghorofani, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Aliyeileta ni shemeji yangu anayeishi Uingereza. Wenzake hurudi na simu na viatu. Yeye alikuja na boksi kuukuu la kampuni ya Airfix, VC10 ya kuunganisha ya kipimo cha 1 kwa 144. Ndege halisi ina urefu wa mita 52 na ushei, kwa hiyo ya mezani haizidi sentimita 37. Ndani ya boksi mna vipande vya plastiki vilivyoshikana kwenye fremu, na stika za BOAC, shirika la Uingereza la zamani hizo. Kuunganisha si kazi kubwa. Kazi ni rangi, maana BOAC sikuitaka. Nilitaka ya shirika letu, East African: paa jeupe, jina kwa herufi kubwa, milia ubavuni, na simba mwenye mabawa, nembo ya shirika.

VC10 ni ndege ya kuvutia kuitazama na ya kusumbua kuipaka. Injini zake nne, Rolls-Royce Conway, zimebanana mbilimbili mkiani, mabawa yakaachwa matupu ili ndege iweze kuondoka kwenye viwanja vya joto na vya mwinuko kama Nairobi, ambayo iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Wahandisi walifikiria vizuri. Hawakumfikiria mtu wa kupaka rangi, kwani kati ya injini na kiwiliwili brashi haipiti, hivyo injini hupakwa rangi kabla ya kubandikwa. Tena uzito wote uko nyuma. Ukiisimamisha kwa magurudumu yake, inakaa kitako na pua inaangalia dari. Dawa yake ni kuijaza puani chubwi za wavuvi, zile za risasi wanazofunga kwenye mishipi, kabla hujafunga kiwiliwili.

Nyumbani kulikuwa kumejaa. Shule zimefungwa, watoto wa dada wamekuja, shangazi ameshuka kutoka Tanga, mjomba naye yupo tangu wiki ya tisa Desemba. Upande wa mke wangu ni Wakristo, upande wetu Waislamu, na kwa hiyo sikukuu kwetu ni zote, hakuna anayeulizwa. Huko chini mtaa haupitiki. Desemba Kariakoo nusu ya nchi inashuka kununua nguo za watoto, na mwenye mzigo kichwani ana haki zaidi yako ya kupita. Meza ni moja. Asubuhi ni ya chai na vitumbua, mchana ya pilau, usiku ya karata. Kwa ndege inabaki ile saa ya alasiri ambapo wakubwa wamelala na wadogo wameambiwa walale.

Rangi hazisumbui kupatikana. Ukitoka Narung'ombe ukavuka Msimbazi na kuteremka Gerezani unakuta kila kitu anachohitaji mtu wa ndege ndogo, ila hakuna aliyekiweka pale kwa ajili ya ndege ndogo. Msasa wa maji namba 1000, puti, praima, tepu ya karatasi, klia: vyote ni vya mafundi wa magari. Tatizo ni tina. Rangi ya NC ya magari huchanganywa na tina kali, na plastiki ya ndege hizi ni polistairini, ile ile ya baadhi ya vikombe vyepesi vya mtindi. Muuza rangi mmoja aliniambia nisiwe na wasiwasi, tina yake haili plastiki. Nilimwomba anidondoshee matone mawili kwenye kikombe cha mtindi alichokuwa amemaliza kula. Kikombe kilikunjamana mbele yetu sote, wateja wakacheka, naye kwa uungwana akanipa kopo la rangi ya mafuta na chupa ya tarpentaini. Rangi ya mafuta ni polepole. Lakini haili ndege.

Kuna njia ya kupulizia, na ndiyo wanayoisifu watu wa kazi hii duniani kote. Dada yangu anaoka keki, na ana kipulizio kidogo chenye kompresa yake, cha kutia rangi keki za harusi na za sikukuu. Kinywa cha kipulizio kile ni chembamba kama sindano, kingefaa mno. Nilimweleza kwa adabu zote, mbele ya shangazi ili nipate mtetezi. Shangazi akauliza swali moja tu: keki ya bibi harusi itanuka tarpentaini, ndivyo unavyotaka? Kesi ikaisha. Na walikuwa na haki. Kifaa kilichopitisha rangi ya mafuta hakirudi tena kwenye chakula, hata ukioshe vipi.

Basi ikabaki brashi, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mji huu una shule yake ya brashi na rangi ya mafuta. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 hapa Dar es Salaam. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua vipande vya mbao za dari na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, akachora wanyama na ndege wa angani, picha zikauzwa Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake wanaendelea. Nenda kawatazame. Mchoraji hupaka mandhari ubao mzima, anauweka pembeni, anashika mwingine. Hagusi mnyama mpaka mandhari imekauka kabisa. Ndiyo maana mistari yao haichuruziki. Rangi ya mafuta ikipakwa nyembamba na kuachwa, inajitandaza yenyewe na alama za brashi zinapotea. Ukiirudia ingali mbichi, imeharibika. Makopo madogo ya rangi ya Humbrol wanayotumia Waingereza kwa ndege zao za plastiki ni rangi ya jamii hiyo hiyo. Sioni sababu ya kuagiza ng'ambo.

Kuachwa, sasa. Hapo ndipo familia inapoingia. Desemba ya Dar ni joto na unyevu, mvua za vuli hazijaaga vizuri, na rangi ambayo kwenye kopo imeandikwa saa chache inataka usiku na mchana. Muda wote huo inanasa vumbi la mtaa, moshi wa mafuta ya vitumbua, na vinyweleo vya paka wa jirani. Mafundi wa Gerezani humwaga maji sakafuni kabla ya kupulizia gari ili vumbi litulie. Nasi tukamwaga maji sakafuni, mtoto mmoja akateleza, tukaacha. Aliyepata ufumbuzi ni shangazi. Aliondoa kawa kwenye sinia la wali akaifunika ndege. Kawa la ukindu linapitisha hewa na linazuia nzi na vumbi. Halijatengenezwa kwa kazi nyingine. Tangu siku hiyo ndege ilikaukia chini ya kawa na wali ukafunikwa kwa taulo, na mke wangu alisema wazi kwamba mpango huo una mwisho wake.

Watoto nao walipewa kazi. Kusugua mishono ya plastiki kwa msasa ndani ya beseni la maji ni kazi wanayoiweza vizuri kuliko watu wazima, maana wanapenda maji na hawachoki. Baada ya kusugua wakauliza: inaruka? Hairuki. Tunaweza kuichezea? Hapana. Walinitazama kwa huruma. Kesho yake nikakuta wametengeneza ya kwao kwa kopo la maziwa na waya, ina magurudumu ya vizibo, inavutwa kwa kamba korido nzima. Ukiniuliza kipi kati ya viwili hivyo ni kitu cha kuchezea chenye akili, jibu ni lao.

Mjomba ndiye aliyesimamia milia. Yeye aliiona ndege yenyewe. Alikwenda uwanjani na wazazi kumsindikiza kaka yake aliyekuwa akienda kusoma London. Alivuta kiti, akaweka miwani, akaanza kutoa amri. Mlia huu ushushe, mjomba. Si hapo, chini ya dirisha. Hiyo njano ni ya bajaji, siyo ya ndege. Kuhusu njano alikuwa na la kusema, maana njano haifuniki nyeusi hata ukipaka mara ngapi. Lazima chini yake pawe peupe, nyeusi ije mwisho na tepu ibanduliwe rangi ikiwa haijakauka kabisa, kwa kuilaza nyuma, si kuivuta juu. Nyeusi yenyewe ni rangi pekee inayokutana kwenye bendera zote tatu, ya Kenya, ya Uganda na ya Tanzania. Shangazi aliikumbuka milia kwa namna nyingine. Walibishana chai ikapoa.

Mabishano yakageuka hadithi, nikaacha brashi nisikilize. Mjomba akataja Addis Ababa, 18 Aprili 1972, siku 5X-UVA iliposhindwa kusimama mwisho wa njia wakati wa kuruka, watu 43 wakafa kati ya 107. Akataja mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na shirika likafa nayo, na Machi mwaka huo Tanzania ikaunda Air Tanzania yake. Alichokuwa hajakisikia ni kilichofuata. Super VC10 nne zilizobaki zilirudi Uingereza, zikageuzwa ndege za kujaza wenzao mafuta angani, mali ya Jeshi la Anga la nchi hiyo. 5H-MOG ikawa ZA150, 5H-MMT ikawa ZA147. Hizo mbili zilifanya kazi hiyo mpaka Septemba 2013. Tarehe 24 ZA150 ikatua Dunsfold. Kesho yake ZA147 ikatua Bruntingthorpe, na baada ya hapo hakuna VC10 iliyopaa tena popote duniani. Kwa maana hiyo, ya mwisho kutengenezwa na ya mwisho kuruka zote zilianza maisha zikiwa na 5H ubavuni. Mjomba alinyamaza, kisha akasema, “Na sisi tulidhani zimekwenda chuma chakavu.”

Yalibaki maandishi. Kijana anayeandika mabango ya maduka alisema herufi za milimita chache si kazi ya mtu mwenye mikono kama yake. Wenye mashine za kukata stika za bajaji wakasema hivyo hivyo kuhusu mashine zao. Mwishowe kazi ikaenda kwa binti wa dada, anayechora hina na piko kwa mabibi harusi. Desemba ni msimu wake, alikuwa na miguu na mikono ya kuchora kila jioni, akaniingiza katikati ya wateja. Alipunguza brashi kwa wembe mpaka ikabaki na nywele chache, akashika pumzi, akaandika EAST AFRICAN pande zote mbili. Simba alimchora bila kuangalia kielelezo mara ya pili. Mabawa yake yana mafundo ya hina, ndivyo mkono wake ulivyozoea, na sikumwambia ayafute.

Tulipotafuta picha za kumaliza ubishi wa mjomba na shangazi, nyingi tulizozipata zilikuwa zimepigwa Heathrow na Waingereza wapenda ndege, wakisimama nje ya uzio na kamera zao. Za hapa ni chache mno, na nyingi kati ya hizo hazina rangi. Hilo halinipendezi. Watu wa mji huu walifanya kazi ndani ya ndege hizo, walizitengeneza, walizipakia mizigo, walisafiri nazo, na wengine walipiga picha chini ya mabawa yake wakiwa wamevaa suti ya safari. Albamu hizo zipo, makabatini Ilala, Upanga, Magomeni, Temeke. Msomaji, kama mzee wenu alikuwa East African na bado yupo, kaa naye sikukuu ijayo, toeni picha hizo, na nyuma ya kila moja muandike kwa kalamu majina, mahali na mwaka.