Fadhila za kampeni na zabuni za umma: mtoaji naye aulizwe

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, atokaye Mwanza mjini kwenda Misungwi hupita Usagara, mahali barabara inapogawanyika. Njia moja huelekea Shinyanga, na nyingine huteremka hadi Kigongo, ambako Daraja la J.P. Magufuli, lililozinduliwa Juni 2025, huvuka ziwa kuelekea Busisi. Kazi kubwa kama ile hutazamwa na taifa zima. Lakini maisha ya kila siku ya familia zetu hutegemea zaidi mikataba midogo ya halmashauri: choo cha shule, zahanati ya kijiji, kisima, kalavati. Hiyo ni wachache mno wanaoitazama, na ndiyo tunayotaka kuizungumzia leo. Je, aombaye zabuni au kibali cha umma aulizwe kama aliwahi kuvunja sheria ya fedha za uchaguzi?

Tuchukue mfano. Wakati wa kampeni, mfanyabiashara anamtolea mgombea magari, fulana, mabati ya kugawa na fedha za mafuta. Hakuna kinachoandikwa popote. Mgombea anashinda, anaingia katika baraza la madiwani. Mwaka unaofuata mfanyabiashara yule anakuja kuomba zabuni ya zahanati. Ni kweli kwamba mwenye kuamua ni bodi ya zabuni, wala si madiwani; lakini bodi hiyo iko chini ya mkurugenzi, na mkurugenzi husimamiwa na baraza hilo hilo. Kikundi cha vijana wa kijiji nacho kimeomba, kwa kuwa sheria imeyatengea makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu, asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma. Vijana wale hawakumfadhili mtu yeyote. Je, watapimwa kwa mizani moja na yule mfadhili?

Nchi yetu imeligusa jambo hili kwa upande mmoja. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilifanyiwa marekebisho yaliyoiruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo, katika shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na asasi nyingine mbili. Kisha Machi 2010 Rais Jakaya Kikwete alitia saini Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria hiyo ilimtaka mgombea aeleze fedha alizo nazo na anazozitarajia, ikaweka ukomo wa matumizi, na ikampa Msajili wa Vyama vya Siasa kazi ya kuisimamia.

Upande wa pili kuna sheria ya ununuzi wa umma, iliyotungwa upya mwaka 2023. Hiyo inasimamiwa na PPRA, mamlaka yenye uwezo wa kuwafungia wazabuni waliotenda udanganyifu au rushwa. Basi tuna walinzi wawili, kila mmoja mlangoni pake: mmoja analinda kura, mwingine analinda hazina. Hatari ni kwamba mtu aliyekamatwa katika mlango wa kwanza anaweza kuvua kofia, akazunguka, akaingia kwa mlango wa pili kama mgeni mwema.

Wenzetu wa mbali wamejaribu kuiunganisha milango hiyo. Jiji la New York, kwa sheria ya mwaka 2007, liliwapunguzia mno kiwango cha mchango wale wanaofanya biashara na jiji. Mtu wa kawaida aliweza kumchangia mgombea umeya hadi dola 4,950, lakini mwenye mkataba au maombi ya kibali kikubwa alipewa ukomo wa dola 400, na majina yao yakawekwa katika orodha iliyo wazi kwa wote. Mwaka 2011 wapiga kura wa Los Angeles waliwakataza waombaji wa mikataba ya dola 100,000 na zaidi kuwachangia viongozi wa jiji. Miji hiyo haikudhani kwamba kila mchangiaji ni mwizi. Ilitambua tu kuwa mkono uliopokea jana huwa mzito kukataa leo.

Ndugu Waislamu, hekima hii si ngeni kwetu. Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporejea aliigawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume alipanda mimbari akalikemea jambo hilo mbele ya watu, akahoji kama mtu huyo angeletewa zawadi hiyo lau angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake. Kipimo hicho kinamfaa mfadhili wa kampeni. Je, mabati yale angeyatoa lau mgombea yule asingegombea? Tena katika suala la rushwa, laana ya Mtume ilimfika mtoaji pamoja na mpokeaji. Mara nyingi sisi humlaumu mpokeaji peke yake, na mtoaji tukamwita mtu mkarimu.

Hata hivyo, uadilifu una pande mbili. Dini yetu imekataza dhana mbaya na upelelezi wa aibu za watu. Kwa hiyo atakayeulizwa asiulizwe juu ya uvumi wa vijiweni au maneno ya wapinzani wake, bali juu ya makosa yaliyothibitishwa na mahakama au na mamlaka ya kisheria. Apewe nafasi ya kujieleza. Kosa dogo la zamani, alilolikiri na kulirekebisha, lisimfungie riziki maisha yake yote. Lakini atakayeficha, kisha ukweli ukadhihirika, huyo amesema uongo ili apate mali ya umma, na haki ni kumnyima.

Gharama ya kufanya hivyo ni ndogo. Tangu mwaka 2023 zabuni za umma zimehamia katika mfumo wa kielektroniki wa NeST. Kuongeza humo swali moja lililo wazi, na Msajili kuwapelekea PPRA majina ya waliopatikana na hatia, hakuhitaji jengo wala bajeti kubwa, kunahitaji nia.

Nasi wazazi tuna swali letu la kujiuliza nyumbani. Tulipopokea kanga, sukari na noti ya kampeni, tulidhani ni nani aliyelipa? Huenda tulilipa wenyewe, kwa sakafu ya zahanati iliyopasuka kabla ya mwaka kwisha na kwa kijana wetu aliyenyimwa kazi aliyoiweza. Tuwafundishe watoto wetu kuuliza mapema, kabla mtoaji hajarudi kudai fadhila zake.

Mwenyezi Mungu atuongoze katika uaminifu. Wabillahi Tawfiq.