Jimu ya bure kutoka Galu hadi Chale, ukijua saa za maji

Unaishi Ukunda, Kinondo au Msambweni na mfuko hauruhusu ada ya jimu? Tulia. Una kiwanja cha mchanga kuanzia Galu hadi mkabala wa Kisiwa cha Chale, na kinatumika mwaka mzima. Wenzetu wa Ulaya Desemba wanafungiwa ndani na baridi na giza. Huku jua huchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi na kutua saa kumi na mbili na ushei jioni, Januari hadi Desemba.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hiyo ni nusu saa tu, siku tano.

Soma maji kwanza

Mchanga mkavu huzamisha mguu na kukuchosha upesi. Mzuri wa kukimbilia ni ule mbichi, mgumu, unaobaki maji yakipwa. Uliza mvuvi yeyote: siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mwendo wa saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yakapwa saa nne hivi asubuhi. Basi wiki hiyo kimbia asubuhi. Siku saba baadaye, wakati wa maji mafu, kupwa huangukia jioni. Hapo anayetoka kazini au chuoni naye anapata zamu yake.

Ila usijaribu kukata kwa miguu kwenda Chale kwa sababu tu umeona mchanga. Bamvua linaporudi, maji hupanda zaidi ya mita 3, na hayakusubiri umalize selfi.

Kusi na kaskazi

Kuanzia Aprili hadi Oktoba kusi huvuma. Anza kwa kuelekea kusini, upande wa Chale, ukipambana na upepo ukiwa na nguvu. Kurudi utasukumwa mgongoni. Kaskazi ikishika, Desemba hadi Machi, geuza: anzia kaskazini. Miezi hiyo joto ni kali, kwa hivyo saa tatu asubuhi uwe umemaliza, na maji ya kunywa usisahau.

Mvua za masika, hasa Mei, zisikukatishe tamaa. Manyunyu hayaui mtu. Radi ikianza, ondoka ufuoni mara moja. Ruka kamba ndani ya nyumba.

Vipi msitu wa Kaya Kinondo, wenye kivuli kizuri? Huo si uwanja wa mazoezi. Ni mahali patakatifu pa Wadigo, na kaya za Wamijikenda ziko kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2008. Uingie kwa ruhusa ya wazee, ukitembea kwa heshima.

Njia zetu zisipotee

Tatizo kubwa si jua wala mvua. Ni vichochoro vya kuteremkia baharini. Kuta zinapanda, njia zinabanwa, na msichana anayekimbia peke yake kati ya kuta mbili ndefu ana haki ya kuogopa. Njia isiyopitwa na mtu ni rahisi kufungwa kimyakimya. Kwa hivyo tokeni watatu, wanne, mara kwa mara. Mkikuta geti jipya, pigeni picha, mpelekeeni MCA wenu na ofisi ya ardhi ya kaunti.

Leo jioni tazama mwezi. Utakuambia kesho utoke saa ngapi.