Kula Chakula Mjini

Watu wengi wa Lituhi husafiri. Wengine huenda Mbinga au Songea kuuza samaki. Wengine hufika Dar es Salaam kutibiwa au kuwatembelea ndugu zao. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Huwezi kubeba ugali wa safari nzima. Utakula njiani, na utakula mjini. Basi yafaa ujue mambo yalivyo.

Mahali pa kula

Mjini kuna mama lishe. Watu humwita pia mama ntilie. Jina hili limetokana na maneno "mama nitilie", yaani nipakulie chakula. Yeye hupika wali, maharage, ugali, samaki na mboga. Wateja wake ni wachukuzi, mafundi na madereva. Bei yake ni nafuu.

Kuna pia hoteli. Mjini, hoteli si nyumba ya kulala wageni tu. Nyumba ya kuuzia chakula nayo huitwa hoteli, au mgahawa. Humo utapata chapati, sambusa, pilau na biriani. Mapishi haya yalitoka kwa watu wa India na Uarabuni, waliofanya biashara katika pwani yetu tangu zamani. Leo ni vyakula vyetu sote.

Jioni, kando ya barabara, huuzwa mishikaki, chipsi na mihogo ya kukaanga. Wauza kahawa nao hupita na mabirika yao.

Ugali wa mjini kwa kawaida ni wa sembe. Usishangae ukikosa ugali wa muhogo uliouzoea nyumbani.

Uliza bei kwanza

Kabla ya kuagiza, uliza, "Wali kwa samaki ni bei gani?" Bei hutegemea kitoweo. Wali kwa maharage ni rahisi kuliko wali kwa nyama. Chai na soda huhesabiwa mbali. Usione haya kuuliza. Mwenye haya ndiye anayelipa asichokitarajia. Ukilipa, hesabu chenji yako palepale.

Jihadhari na kipindupindu

Kipindupindu kilizuka Tanzania katika miaka ya 1970. Mwaka 2015 kilizuka Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingi. Vidudu vyake hutoka katika kinyesi cha mgonjwa. Huingia kinywani kwa maji, chakula au mikono michafu.

Ugonjwa huu husafiri pamoja na msafiri. Mtu anaweza kula chakula kichafu mjini, akaanza kuharisha baada ya kufika nyumbani. Sisi tunaishi kando ya Ziwa Nyasa. Kinyesi cha mgonjwa mmoja kikiingia katika maji tunayochota, kijiji kizima kimo hatarini.

Kwa hiyo fanya haya:

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usinawe katika beseni moja na watu wengine.
2. Kula chakula cha moto, kinachotoa mvuke. Kataa kilichopoa na kuachwa wazi kwa nzi.
3. Tazama sahani zinaoshwaje. Maji yakiwa machafu, nenda kwingine.
4. Kunywa maji yaliyochemshwa, au ya chupa ambayo haijafunguliwa.
5. Menya matunda mwenyewe. Usinunue yaliyokatwa zamani.

Basi likisimama, muulize kondakta mtasimama dakika ngapi. Mwenye haraka husahau kunawa.

Ukianza kuharisha sana, choo kikawa kama maji ya mchele, nenda zahanati au hospitali upesi. Mgonjwa huuawa na upungufu wa maji mwilini. Ukiwa njiani kwenda kutibiwa, kunywa maji ya chumvi na sukari. Chukua lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa. Tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, visijae kupita kiasi. Koroga, unywe kidogo kidogo.

Safari njema, ndugu. Kula vyakula vya watu, ufurahi, urudi na afya yako.

Maswali

1. Jina "mama ntilie" limetokana na nini?
2. Kwa nini tuulize bei kabla ya kula?
3. Jadilianeni: msafiri aliyerudi akiharisha, kijiji kimsaidieje bila ugonjwa kuenea?